Elfu Mbili kwa Moja

Kitengela,
Ijumaa, 14 Oktoba 2005

Mpendwa dada Evalyne,

Kuna jambo sijaambia mtu yeyote, na hata Mungu nimemwambia nikizungukazunguka. Nilidanganya kamati ya kanisa, na anayeumia ni mtu mwingine. Lakini wacha kwanza nikusalimu, labda nitapata nguvu ya kuendelea.

Hujambo lakini? Kile kifua kilipona? Watoto wa darasa lako huko Illasit bado wanakucheka ukiwaamkia "sopa" kwa Kimaasai na ulimi wako wa Kikamba? Sisi tuko wazima. Mama ana shida ya goti tu, linamuuma akipiga magoti, na kupunguza maombi hataki. Mvua bado, na vumbi la hapa unalijua. Mimi mwili uko sawa.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita kanisa liliamua kununua projekta ili nyimbo zionekane ukutani, maana vitabu vimeraruka na wazee huwa kwa ubeti wa pili wakati sisi tuko kwa wa nne. Mzee Musila, mwenyekiti wa kamati, alileta kutoka dukani Nairobi karatasi mbili za projekta mbili, zote kwa Kiingereza. Mama, kwa vile ndiye katibu, akasema Nzisa aitwe asome, si yuko kidato cha tatu. Unanijua, dada. Mbele ya watu watatu sauti inapotea. Hapo walikuwa kumi na mmoja.

Fundi Hiram, yule aliyeweka stima kanisani, hakuwa hapo, alikuwa na kazi Embulbul. Lakini alikuwa amewashauri mapema kwamba wasiangalie wati, watafute namba iliyoandikwa lumens. Wati ni kile taa inakula, aliwaambia, na lumens ni kile inatoa, kwani hawajaona watu wanaokula sufuria nzima na shambani hawaonekani? Walicheka sana. Mzee Musila alipomuuliza lumens ni nini kwa Kiswahili, akasema ni lumens tu. Basi wakaona hajui anachosema.

Karatasi ya kwanza ilisema lumens 2,500, na chini yake "contrast 400:1". Ya pili ilisema lumens 1,200, na "contrast 2000:1". Hilo neno contrast sikulijua kwa Kiswahili, na kusema ukweli hata kwa Kiingereza nililijua nusu. Nikaona aibu kusema sijui. Nikabuni. Nikawaambia ni ukali wa mwanga, ya kwanza mia nne kwa moja, ya pili elfu mbili kwa moja. Mama Ndulu akauliza, na zile lumens za Hiram je? Nikajibu kwamba ukali ndio lumens kwa Kiswahili. Nilijibu bila kukohoa, dada. Kyule wa kwaya akapiga meza akasema basi hiyo ya pili ndiyo kali yenyewe, na mambo yakaisha hapo. Mzee Musila alimpongeza Mama kwa kusomesha.

Ilinunuliwa Jumamosi, kesho yake ikawashwa. Saa tano asubuhi jua lilikuwa linaingia kwa yale mabati ya kupitisha mwanga, na ukutani tukaona kitu kama maji ya kuoshea mchele. Mama Ndulu akauliza kwa sauti kama huo wimbo umefuliwa. Watu walicheka, kisha wakatafuta wa kulaumiwa, wakamwona Hiram. Wakasema aliweka nyaya nyembamba, stima haifiki yote. Alipojitetea kwamba nyaya hazina makosa, Kyule akasema ni wivu kwa sababu hakuitwa kuchagua.

Jumapili iliyopita walitangaza kwamba kazi ya taa za madarasa mapya ya nasari, ambayo Hiram alikuwa ameahidiwa, itapewa fundi wa Nairobi. Huyo anataka kuweka balbu za wati mia mia, na kamati imefurahi kwa sababu ni kali. Hiram alikuwa amependekeza zile tyubu ndefu nyembamba za wati thelathini na sita. Moja hutoa lumens zaidi ya elfu tatu, huku balbu ya wati mia ikitoa kama elfu moja na kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Binti yake Sheryl anakaa na mimi dawati moja. Wavulana wamemwita Koroboi wiki nzima, wakimuuliza kama baba yake amekosa mafuta ya taa. Kila siku ananigawia nusu ya chapati yake, na hajui anamgawia nani.

Sasa lile jambo lenyewe. Ungeweza kusema nilikosea tu, mtoto hukosea. Lakini Jumatano baada ya projekta kuwashwa nilimwendea mwalimu Ochola wa fizikia, nikajifanya swali nimelitoa kwa kitabu. Akanieleza kwamba lumens ni mwanga wote unaotoka, na contrast ni tofauti ya nyeupe na nyeusi tu, hapo ukali hauko. Duka lilikuwa limekubali kubadilisha ndani ya siku kumi na nne. Zilikuwa zimebaki kumi, dada. Kila asubuhi niliamka nikijua. Mama alikuwa akisifu kichwa changu kwa foleni ya maji, na mimi nikamwacha asifu. Siku zikaisha Jumamosi iliyopita, na kesho yake Hiram akanyang'anywa kazi.

Kesho saa nane kamati inakutana kumthibitisha huyo wa Nairobi. Nitaenda. Sijaitwa, lakini nitaenda. Nitasoma hizo karatasi mbili tena, Kiingereza kisha Kiswahili, na nikifika kwa lumens nitasema lumens. Nitasema Hiram alikuwa sahihi kwa projekta na kwa zile tyubu pia. Na hiyo tuliyonunua, mwalimu Ochola anasema ikisogezwa karibu na ukuta na yale mabati yafunikwe, maandishi yatakuwa madogo lakini yatasomeka. Sauti ikipotea nitangoja irudi.

Nisalimie shemeji Kaloki, na mtoto mbusu shavu lile lenye kishimo. Usinijibu kwa kunionea huruma, niandikie kama kawaida.

Tangu nianze nimekuwa nikifunika barua hii na kitabu cha jiografia kila mtu akipita. Sasa nasikia slipa za Mama zinakuja mlangoni. Kitabu nimekiweka sakafuni. Akiuliza ninaandika nini, nitampa asome yeye kwanza, kutoka juu.

Ni mimi mdogo wako,
Nzisa