Wembe Mmoja, Vichwa Kumi na Viwili

Dada Kemunto,

Umekuja tena alfajiri hii. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye chai, nawe unachuma kwa mikono miwili, huniangalii. Nakuita, sauti haitoki. Nilipoamka niliamua kukuandikia, kwa Kiswahili kile ulichokuwa ukinisahihishia ukirudi kutoka shule kule Sironga.

Huniangalii kwa sababu ya kikombe, najua. Ulipoanza kukonda, nilifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe chako ili mwingine asikiguse. Ugonjwa ulikuwa mgeni na kila mtu alikuwa na lake: mara mate, mara mbu, mara laana. Uliniona nikifunga. Ukasema tu, "Kaza, usije ukafunguka." Ole wangu, nikakaza kweli.

Na bado kila siku ya soko nilikimbia Kebirigo kukununulia chupa za yule mzee wa dawa chungu. Ulizinywa zote ili kunifurahisha mimi.

Tulipokuzika, shangazi alitunyoa kama ilivyo ada. Wembe mmoja, vichwa kumi na viwili, karai moja la maji likibadilika rangi. Mimi niliyeogopa kikombe niliinamisha kichwa, na binti yako Moraa akanifuata. Miezi ikapita, nesi kutoka Nyamira akaja kanisani kutueleza: kikombe hakiambukizi, damu ndiyo huambukiza. Nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka wakanitoa nje, kumbe nalia.

Juzi tumemzika baba mkubwa. Wembe ukatoka tena, na Moraa yuko kwenye foleni. Nikasimama mbele yake na pakiti ya nyembe mpya, nikasema kila mtu na wake. Shangazi akaniuliza mbele ya wazee, "Kwani mgonjwa hapa ni nani?"

Wewe ungejua la kusema. Mimi nikajibu, "Tuseme ni mimi."

Watu wakasogea mbali nami. Lakini shangazi alinyoosha mkono, akapokea ile pakiti, akaanza na Moraa.

Redioni wanasema wataalamu wanatafuta chanjo, na kwamba huko ng'ambo kuna vidonge vinavyowainua watu kitandani wakatembea. Nikiwa nachuma chai huiota hiyo chanjo. Naiona ikishuka na ukungu, ikitua kwa kila mtu bila kuuliza jina. Nikizinduka, kikapu hakijajaa hata nusu.

Nisamehe, Dada. Nilikuogopa wewe uliyenibeba mgongoni.

Moraa anakaa nami, na hatahama nikiwa hai. Jumatatu tunakwenda kupimwa, yeye na mimi, kwa maana lile jibu nililompa shangazi sijui kama lilikuwa uongo. Majibu yakitoka, yawe yatakavyokuwa, nitakuambia wewe kabla ya mtu yeyote.

Pumzika.

Mdogo wako,
Nyaboke