Hatuli Samaki

Siakago, Alhamisi

Eti mtaalamu! Wanataka kujenga bwawa hapa, nao samaki wenye ndevu wanaopanda mto huu kutaga mayai wamebaki wachache nchini. Anayetumwa kuwachunguza anakuja na viatu vyeupe.

Mtoni hakushuka. Alisimama kivulini, mimi msaidizi wake nikimtafsiria Kimbeere, akamuuliza Mama Wanja aliyekuwa akichota maji: "Hapa mnavua samaki wangapi kwa wiki?"

Mama akacheka. "Sisi hatuli samaki."

Basi akaandika kwenye fomu: hakuna samaki. Digrii zote hizo!

Nikamwambia, "Daktari, hawaliwi, lakini wapo." Akaniambia nisimletee siasa, njaa inamuuma. Hotelini akaagiza mbuzi wa kuchoma, kisha akalalamika eti nyama ni ngumu.

Jioni nilirudi mtoni peke yangu, nikaingia hadi magotini. Wakaja, wakaninusa vidole vya miguu. Hawajui hata kukimbia, maana hapa hakuna aliyewahi kuwala.

Fomu ile ina sahihi mbili. Ya pili ni yangu. Nilitia sahihi pale hotelini, nyama ikiwa bado jikoni.