Kidani cha Kipusa

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba yale magoti yako siku hizi yanakuacha upande ngazi bila kuguna. Sisi hapa hatujambo. Mama anakula, analala, anagombana na redio. Mguu wake bado hauwezi safari, kwa hiyo tulilokubaliana liko palepale: kaka na mkewe watakuja harusini kwa mwanao Kipusa, mimi nabaki na Mama. Usiniulize kama nimeridhika. Nimekubali tu.

Kaka anakusalimu. Amerudishwa kazini kule ghalani. Jioni anaingia vumbi tupu na anacheka ovyo, basi ujue mambo yanamwendea vyema.

Sasa nisikuzungushe, dada. Nina donge, nimelimeza wiki nzima, leo nalitema.

Kifurushi chako kilifika. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, nikakipokea kwa mikono miwili nikijua ni changu. Nilijua tu umenitumia kipande cha kitambaa cha gauni la Kipusa, nitafute shanga za kuendana nacho. Nikakigeuza nisome jina. La wifi! Nikasoma tena, la wifi vilevile. Akakifungua palepale juu ya meza yangu, kwa mkasi wangu, akaanza kurukaruka: "Wifi, dada kaniomba mimi nitengeneze kidani cha bibi harusi!" Nikampa hongera. Nilimpa vizuri tu, muulize mwenyewe. Kisha nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Dada, aliyemtoboa binti yako masikio ni mimi. Wewe ulitoka nje, ulishindwa kuangalia. Hereni zake za kwanza nilizisokota kwa koleo hili hili, na nikamwambia, huku bado analia, kwamba siku ya kuolewa atavaa kitu cha mkono wangu. Harusini siji. Kidani ndicho kingenifikisha. Sasa hata hicho kinakuja kwa mkono wa mwenzangu, na mwenyewe anakuja nacho! Yeye ana kidani na ana kiti harusini. Mimi nina mguu wa Mama.

Na nani alimfundisha? Kaka aliposimamishwa kazi, nani alimsogezea wifi kiti, akamwambia shika koleo hivi, waya usiubane hivyo utakatika? Alikuwa hajui kutofautisha ushanga wa kioo na wa plastiki. Leo wateja wakiingia wananiamkia mimi, halafu wanachungulia nyuma yangu: "Yule mwingine yupo?" Nimekuwa mlinzi wa chumba changu mwenyewe.

Kinachonitoa roho hasa ni mawazo yake. Mimi yangu yamekauka, nilishakuandikia. Asubuhi nakaa mezani, nafungua makopo yote ya shanga, natunga, natazama, nafumua. Natunga tena, nafumua tena. Ikifika mchana nimebaki na shanga zilezile pamoja na maumivu ya shingo. Yeye wala hakai! Anatunga kipande kidogo, urefu wa kidole, anakining'iniza kwenye msumari pembeni ya dirisha, anakwenda zake kupika. Akirudi anakitazama, anacheka peke yake, anaendelea. Ukuta wa upande wake umejaa vipande. Wa upande wangu una kalenda.

Nikasema ngoja nijue anayatoa wapi. Jumanne alipokwenda sokoni nikajitanda mtandio, nikamfuata. Ndiyo, nilimfuata, cheka ukipenda. Akasimama kwa fundi wa kuchomelea, akayatazama madirisha ya chuma. Akasimama kwa muuza nyanya, akatazama jinsi zilivyopangwa mafungu, wala hakununua. Kesho yake nikaenda mimi. Nikasimama mbele ya yale madirisha nikingoja wazo linijie, nikasimama mpaka fundi akazima mashine, akavua miwani, akaniuliza, "Mama, unataka geti au dirisha?" Kwa aibu nikasema geti. Sasa kila nikipita ananiulizia vipimo.

Niliporudi mikono mitupu nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza wifi kwa nini wewe hukuniomba mimi. Akainama, akasema ulimwambia mawazo yamenikauka, msinichoshe. Kumbe ulinionea huruma! Heri ungenisahau, dada, ningekukumbusha.

Jana akakimaliza. Akaniletea amekifunika kwa kile kitambaa cha gauni ulichomtumia, akaniomba nimwekee kulabu ya kufungia nyuma, maana za kwake huachia na zangu haziachii. Hilo hata wateja wake wanalijua. Nilitaka kusema mkono unaniuma. Lakini nilitaka zaidi kukiona, labda kibaya. Nikafunua.

Dada, ni kizuri. Ni kizuri mpaka nilikasirika. Shanga kubwa mbili zinagusana, kisha ndogo, kisha ya katikati imekaa peke yake, upande huu haufanani na ule, na bado jicho linatulia. Mimi ningezipanga zilingane na kidani kingekufa. Nikahisi nimewahi kuuona mpangilio ule mahali. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, wazo hili umelitoa wapi wewe. Nilitegemea ataje geti la mtu. Akaninyooshea kidole shingoni mwangu.

Unaukumbuka ule uzi wa vifungo? Vile vilivyokuwa vikianguka chini ya cherehani ya marehemu Baba alipokuwa akishona mashati. Uliviokota ukanitungia nilipougua surua, ili ninyamaze. Viwili vikubwa vya koti, kisha vidogo vya shati, kisha kile cheusi kilichomeguka pembeni, peke yake. Nimeuvaa tangu siku ile. Kadiri shingo ilivyokua niliuongezea uzi, nikausahau hukohuko shingoni. Miezi yote hii tunakaa meza moja, tunatazamana, mimi nimeinamia makopo natafuta wazo, yeye ananitazama shingo!

"Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani ndiyo maana unauvaa kazini."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga kwa koleo. Nimezunguka mtaa mzima mpaka nimeagiza geti nisilolihitaji, kumbe kitu ninacho! Na hata kumwambia kaniibia siwezi, maana aliyevitunga vile vifungo ni wewe. Mlinipita wote wawili, mmoja kabla sijajua kusoma na mwingine jana.

Nikamwambia aniachie kidani, akapike. Kulabu nikazitawanya mezani, hakuna iliyonifaa. Nikachukua mkasi nikaukata uzi wangu, nikatoa kile kifungo cheusi kilichomeguka, nikakifunga nyuma ya kidani, na upande wa pili nikasokota tanzi la kukipitishia. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakiachii. Nikangoja mkono wangu uanze kufumua kama kawaida yake. Haukufumua.

Wifi aliporudi alikitazama kile kifungo, akakifungua, akakifunga, akasema yeye hilo lisingemjia kamwe. Nilifurahi, dada, nilifurahi vibaya! Nilimwomba aseme tena.

Usidhani yamekwisha. Bado namwonea wivu, na leo asubuhi katunga kipande cha kijani ambacho sitaki hata kukizungumzia. Ila na mimi nimepigilia msumari chini ya kalenda. Una kipande kimoja, kifupi. Mama amekiuliza ni nini, nikamwambia sijui bado.

Nisalimie shemeji, mwambie nasikia mpaka huku anavyolalamikia suti mpya. Msalimie mama mkwe wako, na kitindamimba wako anayetafuna penseli. Mwambie Kipusa bibi yake, mjomba wake na mkewe, na mimi mama yake mdogo tunamwombea nyumba yenye amani, na mchumba wake awe na masikio ya kusikiliza. Mungu awafunike wote, awafikishe salama siku hiyo.

Kaka anaondoka Jumatano na mkewe, kidani wanacho. Siku ya harusi watu watasifu mbele, na wifi atakuwepo kupokea sifa zake. Mwache apokee, kazifanyia kazi. Ila kukifunga usimwachie. Kifunge wewe. Mwambie Kipusa ainamishe kichwa, nywele uziweke pembeni, kile kifungo kikisukume taratibu kwenye tanzi kwa kidole gumba, kisha uweke kiganja chako juu yake kidogo kabla hamjatoka. Hapo nitakuwa nimefika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.