Baba Aliyesahihisha kwa Majibu ya Kitabu Kingine

Mpendwa Dada Mkubwa wa safu ya ushauri,

Nakuomba uisome barua hii kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ni mkutano wa wazazi na mimi ndiye niliyepangwa kusimama mbele kuzungumza, na nikisimama na hili lililo kifuani naona nitaanguka. Mimi ni mwalimu wa udereva, watu huniita Kocha Zeng, binti yangu Ruohan yuko mwaka wa tatu wa sekondari ya chini, na mtihani wa kuingia sekondari ya juu umebakiza wiki tano, na unajua kwetu ulivyo, wengine wanapanda juu na wengine wanapelekwa vyuo vya ufundi, na mama yake hataki hata kulisikia neno ufundi ingawa anakula kwa ufundi wangu.

Kiingereza ndicho kilichokuwa kinambeba. Mwanzo wa muhula Mwalimu Xie alituagiza wazazi tununue kitabu cha mazoezi ya ufahamu, tuchane kurasa za majibu tuzifiche ili watoto wasinakili, na kila jioni baada ya chakula mzazi asahihishe vifungu viwili na kutia sahihi. Wengine wakalalamika kwenye kundi la simu kwamba hawajui Kiingereza, mimi nikaandika, "Kwangu hakuna shida, nilikuwa kiranja wa Kiingereza shuleni," na ni kweli nilikuwa, Dada, ila kazi ya kiranja ilikuwa kukusanya madaftari na nilichaguliwa kwa sababu nina mikono mirefu ya kuyabeba. Ruohan akaniamini. Basi kila jioni nikawa nakaa na kalamu nyekundu, nakikodolea kifungu huku nachezesha midomo, halafu nakwenda chooni na karatasi ya majibu mfukoni, nikirudi napiga X.

Sasa balaa ni kwamba nilikuwa nimenunua vitabu viwili, cha kwanza nilikikimbilia kwa kiherehere kabla mwalimu hajataja chake, na vyote nilivichana majibu siku moja nikayatia chini ya kiti cha gari la mafunzo, na majibu yenyewe ni namba na herufi tu, A, B, C, D, hayana jina wala picha. Nikatoa karatasi isiyo yake. Kwa wiki tisa nimesahihisha kitabu kimoja kwa majibu ya kingine.

Katika maswali matano alikuwa anapata moja, siku njema mawili. Nikafoka. "Shuleni unapata kwa sababu mwalimu anakuonea huruma!" Akasema, "Baba, lakini hapa kifungu kinasema..." nikamkata, "Nani alikuwa kiranja, mimi au wewe?" Nikaongeza na la kwangu: kila alilokosa aliandike kwenye daftari la makosa, pamoja na sababu kwa nini jibu la kitabu ndilo sahihi. Mwanzoni alikuwa analia. Baadaye akaacha kulia akawa anaandika tu, kurasa kwa kurasa, safi, kwa kalamu za rangi tatu, mpaka Mwalimu Xie akagonga muhuri wa "Nimesoma" kila ukurasa na kulionyesha darasa zima kama mfano. Mtihani wa Machi alama zake za ufahamu zikashuka, wa Aprili zikaporomoka, kutoka thelathini na sita hadi kumi na nane kati ya arobaini, mwalimu akasema mtoto anafikiri kupita kiasi, mimi nikasema nilijua tu, nikaongeza vifungu vikawa vinne. Na ni kwa bidii hiyo nimeombwa nizungumze Ijumaa, mada wamenipa wenyewe: "Namna ninavyomsindikiza mwanangu katika kusoma."

Jumanne nilikuwa uwanjani na mwanafunzi wangu Tu Jing, msichana wa chuo kikuu, alikuwa ameangusha koni ya tatu kwa kurudi kinyumenyume, nikamwambia azime gari apumzike kabla sijasema maneno mabaya. Akakiona kitabu cha Ruohan, nilikuwa nimekiacha juu ya dashibodi nikisahihishe mchana. Akasoma. Akacheka.

"Kocha, mbona huyu umemkosesha? Kapata."

"Hebu tazama koni zako."

"Swali linauliza kwa nini mzee alihama nyumba. Kajibu A, kwamba mbwa wake alikuwa hawezi tena kupanda ngazi. Ndivyo kifungu kinavyosema. Wewe umempigia X ukaandika D."

"D ndiyo jibu la kitabu."

"D inasema mzee anachukia samaki. Kocha, humu hamna samaki hata mmoja."

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari la makosa. Sababu huziandika kwa Kichina, Dada, kwa hiyo ningeweza kuzisoma siku zote, sikuzisoma. Ruohan ameandika hivi: "Kifungu hakitaji samaki popote. Hii inaonyesha mzee anawachukia kiasi kwamba hataki hata watajwe." Na yako mengine kama hilo, zaidi ya mia mbili.

Jana nikamuuliza kwa upole, kifungu hiki kinasema nini mwanangu? Akaniangalia, akasema, "Baba, niambie wao wanataka jibu gani, mimi nitatafuta sababu."

Mama yake ananiambia, "Mwambie leo, Zeng, la sivyo namwambia mimi, na sauti yangu unaijua." Lakini mimi nawaza, nikibadilisha karatasi kimyakimya ataanza kupata, atafurahi, atadhani jitihada zimelipa, Ijumaa nitazungumza yangu na hakuna atakayeumia. Si ndiyo nafuu? Nijibu haraka. Na ukiichapisha usiutaje mji wetu, mkoa huu wa Jiangxi nusu ya wenye leseni wamepita mikononi mwangu.

Kocha Zeng

JIBU

Kocha,

Mji sitautaja. Watu wa huko wana taabu ya kutosha barabarani.

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye samaki, nikacheka tena, kisha nikafika kwenye lile neno la binti yako la jana, na kicheko kikaniishia. Tuanze na hesabu, maana Kiingereza tumeshaona. Swali lina majibu manne. Mwachie kuku karatasi adonoe, atapata moja katika kila manne. Mtoto wa thelathini na sita kati ya arobaini akaanza kupata sawa na kuku, usiku mmoja tu, na wewe kwa wiki tisa hukushuku kitu chochote duniani isipokuwa yeye. Gari likikuzimikia unafungua boneti. Mtoto alipokuzimikia ulifungua mdomo.

Nakubali hukuwa peke yako. Wewe ulichezesha midomo. Mwalimu aligonga "Nimesoma" juu ya ukurasa wa samaki. Wazazi wenzako wakakupa jukwaa. Katika shughuli yote hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anasoma, na ndiye mliyemwambia hajui kusoma.

Najua hukukusudia. Kuna wababa ambao saa hiyo ya jioni wako kwenye karata, na wewe ulikuwa unakaa mezani na lugha usiyoijua. Hilo nakuandikia alama. Lakini huo mpango wako wa kubadilisha karatasi kimyakimya nakupa sifuri. Unajua utamfundisha nini? Kwamba alikuwa mjinga wiki tisa kisha siku moja akaamka na akili. Hatalijua kosa lilikuwa wapi, kwa hiyo ataendelea kuyashuku macho yake mwenyewe mpaka ndani ya chumba cha mtihani, na mle hakuna baba wa kuulizwa wao wanataka nini. Kiingereza hakijamtoka. Kilichomtoka ni kuamini alichokisoma, na hicho aliyemnyang'anya ni wewe, kwa hiyo wa kukirudisha ni wewe, si karatasi.

Fanya hivi. Leo, sahani zikishaondolewa, weka karatasi zote mbili mezani. Sema: "Nilishika majibu ya kitabu kingine. Kiingereza sijui na sikuwahi kujua. Wewe ulikuwa unapata." Basi. Usianze na "baba yako alikuwa na nia njema." Usiseme "tulikosea," maana hapo hamkuwa wawili. Kisha mkabidhi kalamu nyekundu na karatasi iliyo sahihi, apitie upya kila ulichoharibu, na kila X uliyompiga bila haki uifute kwa mkono wako na utie sahihi pembeni, si unapenda kutia sahihi.

Daftari la makosa msilichane. Aliyeweza kulitetea lile jibu la samaki kwa sentensi mbili ana kipaji, siku moja atakuwa wakili na watu watamlipa kwa uongo wa kiwango hicho. Ila kwa wiki hizi tano liwekeni kabatini.

Vifungu virudi kuwa viwili. Karatasi ya majibu ikae mbali. Kila jibu atakalochagua, aweke kidole kwenye mstari unaolithibitisha na akwambie kwa Kichina mstari huo unasema nini. Kidole kikikosa pa kutua, jibu hilo analibahatisha, aangalie tena. Kazi hiyo haihitaji ujue Kiingereza. Inahitaji ukae na usikilize mpaka mwisho bila kukanyaga breki, na ninajua kwa watu wa kazi yako hilo ni zito. Mwishoni afungue majibu yeye mwenyewe. Yakipingana na kidole chake, mpelekeni Mwalimu Xie vyote viwili, na safari hii asome kabla ya kugonga.

Ijumaa nenda. Muulize Ruohan kwanza kama anakuruhusu kuyasema, akikataa zungumzia hali ya hewa. Akikubali, simama dakika tatu uwaeleze ulivyofanya. Watacheka sana, halafu utaona mkutano unavunjika mapema, kila mmoja anakimbia kukagua karatasi yake aliiokota wapi.

Lakini mezani kwanza. Na ukishamwambia, nyamaza. Huenda akalia, huenda akacheka, huenda akajifungia chumbani akakununia mpaka siku ya mtihani. Lolote atakalochagua, Kocha, usilisahihishe.