Beseni la Matumbo, Idd Hii

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini najua nikianza bila salamu utanuna huko huko uliko.

Idd kubwa imepita juzi. Baba alichinja kama kawaida, nyama ikagawiwa, na uani kwetu Timbwani pakabaki beseni la matumbo. Kila mtu akanitazama mimi. Tangu ututoke hakuna aliyeyapika. Nani angethubutu? Wewe ndiwe uliyekuwa ukiuzungusha utumbo kwenye kipande cha tumbo, ukausuka ukakaza kama nywele za bibi harusi, majirani wakapitapita mlangoni wakijidai wanakuja kusalimia.

Nakukumbuka kwenye kigoda, leso umeifunga kiunoni, wanipa nimimine maji ndani ya utumbo. Nikimimina mara moja wang'aka, "Fua tena! Wataka tule mavi?" Kisha wacheka mpaka leso yafunguka. Wallahi, siku zile nilikuwa nikiona kinyaa. Sasa natamani hata ule ukali wako.

Nasoma uuguzi sasa, Mama. Mwalimu alipofika kwenye tumbo nilikaa mbele kabisa. Ule utando wa mafuta uliokuwa ukiuchana kwa kidole ukamtupia paka, ndimo inamopita mishipa ya damu. Kuna mmoja mnene, watoka kwenye mshipa mkuu wa moyo. Unagawanyika matawi, matawi yashikana matao matao, hata damu ikafika karibu utumbo mwembamba wote na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. Nusu iliyobaki ina mshipa wake mwengine, mdogo. Huo mnene ndio ulioziba kwako. Donge moja la damu, basi! Daktari alipotuambia utumbo umekosa damu tuliitikia kwa vichwa tu. Nilielewa darasani, nikatoka nje nikalia.

Basi juzi nikapiga bismillahi, nikashika utumbo nikavuta. Utando ukachanika, nikaiona ile mishipa midogo imejipanga vile vile nilivyofundishwa. Mkono ukakataa. Nilikuwa nakuona wewe.

Baba alikuwa mlangoni. Baba huyu huyu, ambaye jikoni haji ila kuuliza chai iko wapi! Akavuta kigoda, akakunja mikono ya kanzu.

"Lete, mwanangu. Mimi nitavua utando, wewe suka."

Aliuvua vibaya, akaukatakata na utumbo wenyewe. Nikasuka vijipande vifupi vifupi, ungeviona ungetucheka mpaka Idd nyengine. Lakini tulivipika, tukala. Baba alikula huku analia, kisha akasukuma sahani aongezwe.

Nakuaga hapa, Mama. Mola akuweke pahali pasipouma kitu. Nami nakuahidi jambo moja: siku nitakayosimama wodini, akija mtu amejikunja kwa maumivu, nami nikiligusa tumbo lake nikalikuta laini kama lilivyokuwa lako siku walipokugusa wakasema huna kitu, nitamwamini yeye.

Mwanao,
Zuhura