Mkate Ambao Baba Hakuumaliza

Jumamosi, Nyamasaria. Tangu alfajiri mawingu yamejazana upande wa ziwa, lakini joto halijapungua hata kidogo. Nguo zinanata mwilini. Moyo nao umekataa kutulia.

Kwa kawaida hapa huwa naandika mapishi ya watu wenye mifuko mitupu kama mimi, na wiki hii niliahidi tosti ya wazi, ile ya kipande kimoja cha mkate na vitu juu yake, kwa wale wasio na toasta. Tosti nimepika. Maelezo yamo humu humu, mtayaokota njiani. Lakini leo siandiki kwa sababu ya tosti. Naandika kwa sababu nisipoandika nitashinda nikizunguka chumba hiki hadi niangukie sufuria.

Baba alikuja.

Alitoka kwetu Bondo asubuhi kuja mjini kuchukua miwani yake, akasema atapitia kwangu kidogo kabla ya kurudi. Kulala, hakulali. Yeye ni mtu wa mila, na kwake baba halali nyumbani kwa binti yake, hata kama binti ana kochi zuri na blanketi safi. Kwa hivyo nilijua nitakuwa naye asubuhi tu, na asubuhi hiyo nilikuwa na kazi moja.

Nilitaka kumwona akila.

Nilipomwona mara ya mwisho, wakati wa Pasaka, kola ya shati ilikuwa imeachana na shingo. Mshipi wake ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari. Nikimpigia simu na kumuuliza kama amekula, anasema amekula, tena kwa haraka, halafu ananiuliza habari za kazi. Mama pia alikuwa akisema amekula. Alianza kwa kusukuma sahani, akidai ameshiba. Baadaye akasema mkate unamkwaruza kooni. Kisha ugali nao ukawa unamkwaruza, kisha hata uji. Tulipokuja kuelewa kwamba lile koo lina ugonjwa, madaktari walikuwa hawana la kutuambia. Tulimzika mwaka jana.

Basi ndiyo hofu yangu hiyo, nimeisema. Wiki nzima nimelala nayo kitanda kimoja.

Mtauliza kwa nini sikumpikia ugali na samaki kama mtoto mwenye adabu. Nilifikiria. Lakini Baba angefika saa ya chai ya saa nne, ambapo kifungua kinywa kimepita na chakula cha mchana hakijafika. Nikimwekea ugali saa hiyo ataniambia ni mapema, na mimi sitajua kama shida ni saa au ni koo. Kitu kidogo cha kusindikiza chai hawezi kukikataa.

Nilichukua mkate wa juzi. Mkate wa leo ni laini mno, ukiuwekea vitu unalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Nikaukata vipande vinene, nikapaka kikaango mafuta kidogo kwa kitambaa, moto mdogo, kila upande hadi ukabadilika rangi. Parachichi moja kubwa nikaliponda na chumvi na ndimu. Nyanya nikazikata nyembamba. Halafu omena, wale dagaa wa ziwani. Niliziosha kwa maji moto, nikazikausha juani jana, nikazikaanga na kitunguu na hoho hadi zikawa zinavunjika mdomoni. Unatandika parachichi, unapanga nyanya, unamwaga omena juu. Ukiwa na dania, nyunyiza. Ni chakula cha hotelini kwa bei ya kibanda, na ninajivunia, hata leo.

Nyumba yangu ni chumba kimoja. Kitanda kiko nyuma ya pazia, kochi liko mbele, na meko, huu mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, uko pembeni ya kochi. Mgeni akikaa anaona kila kitu ninachopika. Baba alikaa hapo, miwani mipya ikimteleza puani, akaniita Mama. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nilipomwekea sahani aliitazama kwa muda.

"Mama, hii mkate umeivalisha nguo mingi."

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Halafu, na hili naliandika kwa aibu, nikamwomba angoje nipige picha ya blogu. Mzee wa watu akangoja, mikono mapajani, kama anayesubiri sala ndefu ya mtu mwingine iishe. Nikapiga moja, nikageuza sahani, nikapiga nyingine.

Ndipo akaanza kula, na mimi nikaanza kuangalia koo lake.

Aliokota omena moja moja kwa vidole. Akazimaliza. Akanyanyua nyanya, akala. Akachukua kijiko cha chai na kukwangua parachichi lote, polepole, kama mtu anayesafisha kiatu, hadi mkate ukabaki uchi kabisa. Kisha akausukuma kando ya sahani.

Mkate.

Kitu cha kwanza kilichomshinda Mama.

Sikuweza kumuuliza. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu Jumatatu, lakini yaligoma kutoka. Nilimmiminia chai zaidi, ambayo hakuiomba. Kichwani tayari nilikuwa hospitalini, tayari nilikuwa nikimpigia simu kaka yangu Ouma kule Mombasa nikitafuta namna ya kumwambia. Nikaweka vipande vingine vya mkate kwenye kikaango, ingawa hakuna aliyevitaka, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Hapo ndipo mvua ikashuka. Mvua ya huku haibishi hodi. Nguo zangu zote za wiki zilikuwa kwenye kamba nyuma ya ploti, nikatoka mbio na kumwacha Baba na chai yake. Nilianua nikilia. Nilitumia mvua vizuri, kwa sababu mtu akikuona una maji usoni wakati wa mvua hana swali. Nilikaa huko zaidi ya nguo zilivyohitaji, na nilipokumbuka kikaango nilijua nitakuta moshi.

Hapakuwa na moshi.

Baba alikuwa amesimama mbele ya meko, uma mkononi, akigeuza mkate.

Lazima nieleze, kwa wasiomjua. Sijawahi kumwona baba yangu akishika hata mwiko. Si uvivu. Huyu mtu analima, anafua koti lake mwenyewe, ameezeka paa la kanisa. Lakini jikoni ni kwa wanawake, na mwanamume mzima akionekana akifunua sufuria atasemwa hadi kaburini. Hata Mama alipokuwa hoi kitandani, shangazi ndio waliokuja kupika. Sasa nilikuwa mlangoni na nguo mbichi kifuani, naye akashtuka kama nimemkuta na mkono mfukoni mwa mtu.

"Ilikuwa inaungua," akasema.

"Asante, Baba."

Alitazama kochi, akatazama meko, akatazama pazia. Nilimwona akipima kitu kichwani.

"Na hapa si jikoni," akasema. "Hapa ni mahali ya wageni. Ama?"

"Ni mahali pa wageni kabisa, Baba."

Basi hakuketi. Akabaki pale na uma wake, ananipa mgongo. Nikavunja yai kando ya mkate, kwa kuwa lilikuwa karibu, akaniuliza mtu anajuaje limeiva. Nikamwonyesha ule ute unavyogeuka mweupe. Akainama kulichungulia kwa miwani yake mipya. Na labda kwa sababu sikuwa nauona uso wake, ulimi wangu ukafunguka.

"Baba, mkate unakukwaruza kooni?"

"Kukwaruza aje?"

"Umeacha wote."

Aligeuza mkate tena. Yai likalia kwenye mafuta.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu, "nimechoka tu na mkate. Asubuhi ni mkate. Jioni ni mkate. Hiyo umepika ni tamu, lakini ndani yake bado ni mkate."

Nikaketi kwenye kochi, juu ya nguo mbichi.

Ikatoka vipande vipande. Mkewe Ouma, ambaye nyumba yake iko kwenye boma letu na ndiye aliyekuwa akimpikia, alihamia Mombasa kwa mumewe mwanzoni mwa mwaka. Ouma alidhani majirani wanaleta sahani. Mimi nilidhani Ouma amepanga kitu. Majirani walileta kweli, matanga yalipokuwa bado mapya, kisha kila mtu akarudi kwenye sufuria yake. Duka la njia panda lina mkate kila siku. Baba akawa ananunua mkate. Chai anachemshiwa na mama wa dukani, anabeba kwenye chupa. Ouma alimtumia meko mpya kabisa, na iko chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, kwa sababu ni kitu cha jikoni.

"Na jikoni?" nikauliza.

"Jikoni ni ya mama yako," akasema. "Mimi sijafungua hiyo mlango."

Sikujua kama nifurahi au nijipige kofi. Baba si mgonjwa. Baba ana njaa. Tangu Pasaka naogopa ugonjwa, kumbe mzee ana njaa, na mimi nimemwandalia mkate, nikamwambia angoje nipige picha.

Nilisonga ugali saa hiyo hiyo. Nikakaanga sukuma, nikamalizia omena zote. Alikula bila kuinua kichwa, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Niliangalia koo lake tena. Linameza, linafanya kazi yake vizuri tu.

Mvua ilipopungua akaanza kutafuta kofia. Nilimwambia atoe ile meko chini ya kitanda, aiweke sebuleni kando ya redio, ambapo ni mahali pa wageni. Akasema watu wataona. Nikamwambia afunge mlango. Akasema watu watanusa. Nikamwambia wakiuliza aseme binti yake amekuja. Hapo alicheka kidogo, lakini hakuniahidi kitu. Nilimfungia mayai kwenye gazeti, vitunguu, chupa ndogo ya mafuta, vyote nikavitia kwenye mfuko. Aliubeba ule mfuko mbali na mwili, kama si wake.

Tangu aondoke nimekuwa nikijitesa. Je, asipopika? Miaka yote ile ya kukaa nje ya jikoni haitoki kwa asubuhi moja. Nimempigia Ouma, naye amesema atafikiria. Mimi pia nafikiria. Naweza kuwa nakwenda Bondo kila Jumamosi, lakini Jumapili ina jioni yake, na Jumatatu vilevile. Siwezi kumhamishia huku, kwa kuwa hatalala. Siwezi kumwambia mtu wa kule amsaidie bila kumwaibisha. Kila njia ninayoshika inanirudisha kwenye lile duka la njia panda.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, giza likianza kuingia, simu ikalia.

"Mama." Ananong'ona. "Kitunguu inatangulia ama mafuta?"

Nilisimama bila kujua nasimama.

"Mafuta, Baba. Kidogo tu."

"Sawa."

Nikasikia kiti kikiburutwa. Nikasikia mafuta yakilia, kwa nguvu, kwa nguvu kupita kiasi, halafu Baba akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Simu ikakatika.

Nilipiga. Hakushika. Nikapiga tena. Nikawaza lile pazia la sebuleni kwake linaloning'inia hadi chini, boksi la meko ambalo sikumwambia aliweke mbali, mlango ambao mimi mwenyewe nilimwambia afunge. Mchana nilihofia njaa, sasa nahofia moto, na moto nimemwashia mimi. Nikatafuta jina la Mama Awuor, jirani yake wa karibu, kidole kikabaki hewani juu ya namba. Nikimpigia atakimbia hapo mara moja, nami nitashukuru. Lakini pia atamkuta Mzee na sufuria, na kesho kanisani hakutakuwa na habari nyingine, na Baba hatagusa tena ile meko maisha yake yote.

Nilipiga ya Baba mara moja zaidi. Nikajiambia hii ikikosa, nampigia jirani, liwe liwalo.

Ikaita. Ikaita.

Akashika. Sikusikia neno kwanza, ni pumzi tu, na kitu kama kijiko kikigonga sahani. Kisha sauti yake ikaja nzito, mdomo umejaa.

"Ngoja kwanza, Mama. Nakula."

Nangoja.