Mzee wa Getini na Safari Niliyoifuta

Kaka Yusto,

Nimeifuta safari yako. Nakuambia mapema, maana nikianza kuzunguka nitaishia kukupa habari za mvua na viazi, na wewe utajua tu kwamba kuna kitu ninaficha.

Siku ya kugawa vitu vyako kule Mdandu, baba mdogo alichukua koti, redio ikabaki kwa wifi. Nilipoulizwa mimi nataka nini, nikasema ile mashine ya gemu. Baba mdogo akaangua kicheko, kisha akakumbuka tuko msibani, akajifanya anakohoa. Sikumjali. Niliifunga kwenye kitenge, na kioo chake ulichokiunga kwa plasta, nikarudi nayo Njombe.

Tangu hapo, kila Jumapili nikitoka kanisani niliiwasha. Sikucheza, Yusto. Nilitazama tu. Juu limeandikwa jina lako, na yule kijana mwenye begi mgongoni amesimama darajani pale pale ulipomwacha, na wanyama wake kumi na saba uliowakamata mwenyewe. Chai inapoa, mimi namtazama. Huku Mjimwema mtu anaweza kumaliza wiki bila kuitwa jina lake. Wanaokuja kuchukua sweta za shule wananiita fundi. Wewe ndiye uliyekuwa ukitoka Makambako Jumamosi, nguo zimejaa vumbi la mbao, ukaniita Tuma tangu barabarani. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Nimebaki mpweke, na nimechoka kujifanya sijabaki.

Juni hii wifi amemleta Upendo aje kukaa nami likizo. Ana miaka sita sasa, mapengo mawili mbele, na kununa kwako kote amekurithi. Aliikuta mashine kabatini. Nikamwashia. Akalisoma jina herufi moja moja, akasema, "Hii ya baba. Mimi nataka yangu."

Nikamweleza kwamba mashine inatunza safari moja tu. Yake ikianza, ya baba inafutika.

"Basi, shangazi," akasema. Akaenda kukaa mlangoni, akavuta sweta mpaka ikafunika magoti. Siku mbili hakuigusa wala hakuniomba tena, na angeniomba ningeweza kumkatalia. Siku ya tatu, baada ya uji, nikamwita mwenyewe. Mashine iliuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo. Nikabonyeza ndiyo, na wanyama wako kumi na saba wakaondoka kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nililia mbele ya mtoto. Akanifuta kwa mkono wa sweta, huku jicho moja liko kwenye kioo.

Ndipo akatokea Mzee wa Getini.

Yule mzee hana hata jina kwenye mchezo. Anasimama kwenye geti la kijiji cha kwanza, anakuonyesha namna ya kumkamata mnyama kwenye nyasi, basi, kazi yake imekwisha. Watu wengine nadhani wanampita na kumsahau. Sisi utotoni tulikuwa tunamrudia kila siku kabla ya kucheza, kwa sababu ulisema hatuwezi kumpita mzee bila salamu. Na akituuliza kama tunataka kufundishwa tena, tulijibu ndiyo, maana mzee haambiwi hapana. Tukakaa kumsikiliza somo lile lile kutoka mwanzo. Maharage mangapi yaliungua kwa adabu ile!

Mimi nilikuwa darasa la tatu, Kiingereza sikijui. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea. "Anasema kamwene, Tuma," kana kwamba mzee naye anasalimia kwa Kibena chetu. "Anasema wewe mwenye sweta ya kijani, vyombo havijaoshwa." Nilikuwa naenda kuosha! Na wiki ile tuliyomzika mama, nilipokataa kula, uliniketisha karibu na jiko la mkaa ukaiwasha. Mzee akazungumza sana siku hiyo. Ukanisomea polepole: "Anasema mnyama akikamatwa hateswi, Tuma. Anapata tu mtu wa kutembea naye." Nikala.

Maneno hayo nimeishi nayo. Nikakua, nikajifunza Kiingereza, lakini gemu nilikuwa nimeiacha zamani, kwa hiyo sikuwahi kumsoma mzee kwa macho yangu mpaka juzi, Upendo akiwa ameniegemea begani. Nikamsubiri ayaseme.

Anasema sentensi tatu, Yusto. Mchoshe kwanza. Usimuue. Kisha rusha wavu. Nikamrudia, nikajibu ndiyo, akasema zile zile tatu. Mara ya tatu nikaelewa. Mwongo mkubwa wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tano, nawe umefiwa na mama yule yule. Mimi nilikuwa na wewe na mzee. Wewe nani alikusomea?

Sikuwahi kukuuliza. Hilo linaniuma kuliko safari niliyoifuta, na kwa yote mawili nakuomba unisamehe.

"Shangazi, anasemaje?" Upendo akanivuta.

Nilitazama zile sentensi tatu. Kisha nikasoma: "Anasema kamwene, Upendo. Anasema mnyama akikamatwa hateswi. Anapata tu mtu wa kutembea naye."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. "Mwambie nimesikia."

Jumatatu anarudi Makambako, na mashine anaondoka nayo. Jumapili sitakuwa na cha kutazama. Nitazoea, au sitazoea, lakini kioo kile kinamfaa yeye kuliko mimi. Likizo ya Desemba akija nitamsomea tena, na nyingine, na nyingine, hiyo ni ahadi yangu kwako. Lala salama kaka yangu. Najua iko siku atajua Kiingereza, atasoma mwenyewe, na atakuja kwangu amenuna kwamba mzee hakuwahi kusema maneno yale. Sitajitetea. Nitamwambia aliyekuwa akisema ni baba yake.

Tuma